Chupa za divai ya nyumbani: dalili, chanzo chake na jinsi ya kuzisafisha upya

Divai ikiharibika baada ya kutiwa chupani, lawama ya kwanza huiangukia chupa. Mara nyingine inastahili, mara nyingi haistahili. Kwa hiyo kabla hujaloweka chochote, anza na hesabu: ni chupa ngapi zenye kasoro, na zilijazwa za ngapi?

Divai ya lita 23 hutoa chupa 30 za mililita 750. Unapojaza, andika namba kwenye kila chupa kwa kufuata mpangilio wa kujaza, kuanzia 1 hadi 30, kwa kalamu ya nta au kwenye kipande cha utepe wa karatasi. Ni kazi ya dakika chache, na miezi sita baadaye namba hizo ndizo zitakazokuonyesha kosa lilipo. Zikiharibika chupa ya 1 na ya 2 tu, mpira wa kunyonyea, ule unaohamishia divai chupani, ulibaki na maji au dawa ndani yake. Zikiharibika za mwisho, mpira ulifika chini na kuvuta mashapo. Zikiwa moja moja, tuseme ya 7 na ya 19, shuku chupa hizo au vizibo vyake. Zikiwa zote thelathini, ziache chupa na ukague divai yenyewe, chombo ilimochachukia, mpira, au dawa uliyotumia kwa zote.

Jambo la pili la kushika ni kwamba kusafisha na kuua vijidudu ni kazi mbili. Kusafisha huondoa uchafu. Kuua vijidudu hushughulika na visivyoonekana vilivyobaki kwenye kioo kilichokwisha kuwa safi. Dawa haipenyi mashapo yaliyokauka. Inalowesha juu, na chini ya gamba hilo hamira na bakteria wanabaki salama wakisubiri divai. Ukiimimina dawa ghali kwenye chupa chafu umepoteza dawa na bado una chupa chafu.

Duara la mashapo au madoa meusi chini ya chupa

Hili ndilo tatizo la kawaida kuliko yote, na chanzo chake ni kimoja: chupa ilimiminwa ikawekwa kando bila kusuuzwa. Matone machache ya divai yalikauka kwenye mfereji unaozunguka kitako, kuvu ikaota juu yake.

Changanya sodiamu pakaboneti, ule unga mweupe unaotoa oksijeni ukikutana na maji ya moto, gramu 5 kwa kila lita ya maji ya nyuzi 50 hadi 60 za Selsiasi. Gamba likiwa nene, tia gramu 10. Pima kwa mizani ya jikoni, kwani kijiko hudanganya kufuatana na unga ulivyoshindiliwa. Jaza chupa hadi mdomoni, si nusu, maana kuvu hupenda pia mabega ya chupa. Iache nusu saa kwa uchafu mwepesi, usiku mmoja kwa gamba gumu. Usiifunge: unga huo unaendelea kutoa gesi, na chupa iliyozibwa inaweza kupasuka.

Baadaye pitisha brashi ya chupa yenye kichwa kilichopinda. Brashi iliyonyooka haifiki kwenye mfereji wa chini, nako ndiko uchafu ulikojificha. Kama huna iliyopinda, tia kijiko kimoja cha mchele mbichi na mililita 100 za maji ya uvuguvugu, kisha izungushe chupa kwa nguvu kwa dakika moja ili punje zikwangue kitako. Usitumie kokoto wala mchanga. Hukwaruza kioo, na mkwaruzo ni makao ya vijidudu na mwanzo wa ufa.

Suuza mara tatu. Utajua maji yametosha kwa vidole: maji yenye pakaboneti huteleza kama sabuni. Maji yanayotoka yakiendelea kuteleza kati ya kidole gumba na cha shahada, bado. Mabaki haya ni ya alkali, nayo hupunguza uchachu wa divai na kuifanya ipooze mdomoni.

Kuhakikisha, washa tochi chini ya kitako na utazame ndani kupitia shingo. Mwanga wa kawaida wa chumbani hauonyeshi kitu kwenye chupa ya kijani au ya kahawia. Ukiona kivuli kisichosogea unapozungusha chupa, uchafu upo. Kivuli kikibaki baada ya kulowekwa usiku wa pili, iache chupa hiyo. Nyingine zipo.

Matone yamening'inia ukutani badala ya kuteremka

Jaza chupa maji, imwage, itazame ikiwa imegeuzwa. Kwenye kioo safi maji hushuka kama pazia jembamba lisilokatika. Yakijikusanya matone matone mahali fulani, pale pana mafuta, gundi ya lebo au mabaki ya sabuni ya vyombo.

Sabuni ya vyombo ina manukato na vitu vinavyoganda kwenye kioo, tena kwenye chupa yenye shingo nyembamba ni vigumu kuisuuza yote. Divai iliyoguswa na mabaki hayo hupata ladha ya sabuni ambayo haiondoki kwa kukaa. Tumia magadi ya kufulia (sodiamu kaboneti), gramu 10 kwa lita ya maji ya moto, kwa nusu saa, kisha suuza mpaka pazia la maji lirudi. Magadi hayohayo hulainisha lebo za nje: loweka chupa nzima kwenye beseni, na baada ya saa moja lebo nyingi hutoka kwa mkono. Gundi ikibaki inanata, paka mafuta ya kupikia, ngoja dakika kumi, sugua kwa kitambaa, kisha irudishe chupa kwenye magadi ili mafuta yenyewe yatoke. Fanya haya yote kabla ya kusafisha ndani, la sivyo vipande vya karatasi na mafuta vitaingia kwenye chupa uliyokwisha kuimaliza.

Utando mweupe baada ya chupa kukauka

Chupa ikiwa imelowa inang'aa. Ikikauka ina ukungu. Hapa vyanzo ni viwili na dawa zake hazifanani. Cha kwanza ni chokaa ya maji magumu, ambayo huzidi maji hayo yakikutana na magadi au pakaboneti na kuachwa usiku kucha. Cha pili ni kioo chenyewe kuliwa na alkali baada ya kulowekwa siku nyingi.

Kutofautisha, zungushia pamba kwenye ncha ya kijiti, ichovye kwenye siki, ishikilie kwenye utando kwa dakika mbili, futa, acha pakauke. Pakiwa peupe kama mwanzo, kioo kimeliwa. Hakirudi, ingawa kikiwa laini bado kinaweza kutumika. Paking'aa, ilikuwa chokaa. Loweka chupa kwa asidi ya sitiriki, gramu 15 kwa lita ya maji ya uvuguvugu, au siki moja kwa maji manne, kwa nusu saa. Ili isirudi, usiache alkali ndani zaidi ya usiku mmoja, na maji yako yakiwa magumu malizia kila mara kwa suuzo moja la asidi ya sitiriki.

Utando wa chokaa hauna sumu. Ubaya wake ni kwamba unaficha uchafu halisi, na uso wake mkavu wenye vinyweleo hushika mashapo.

Pua inachomwa: harufu ya kiberiti kilichowashwa sasa hivi

Hii ni potasiamu metabisulfaiti, unga wa kuua vijidudu, iliyobaki chupani. Wengi huiogopa kupita kiasi, wengine huipuuza kupita kiasi, kwa hiyo tuipigie hesabu.

Mchanganyiko wa kawaida wa kuua vijidudu ni gramu 10 za metabisulfaiti na gramu 10 za asidi ya sitiriki kwa lita moja ya maji baridi. Asidi si pambo. Metabisulfaiti hufanya kazi kwa kutoa dioksidi ya salfa, na gesi hiyo huua vijidudu pale tu maji yanapokuwa machachu. Kwenye maji magumu bila asidi, nguvu nyingi hupotea. Hiki ndicho chanzo cha kawaida cha malalamiko kwamba “nilitia dawa na bado divai imeharibika.” Chanzo kingine ni unga uliozeeka. Uliokaa wazi, ukavuta unyevu na kuwa mabonge, umekwisha poteza nguvu. Mchanganyiko usiotoa tena harufu kali unapoupepea kwa mkono kuelekea puani, umwage.

Sasa mabaki. Kila mililita ya mchanganyiko huo ina miligramu 10 za metabisulfaiti, na takriban asilimia 57 ya uzito wake hutoka kama dioksidi ya salfa. Mililita 1 ikibaki kwenye chupa ya mililita 750, umeongeza kama miligramu 7.6 kwa lita. Hiyo haidhuru, tena huilinda divai na hewa. Lakini mililita 10, yaani vijiko viwili vya chai vilivyojificha kitakoni, huongeza miligramu 76 kwa lita juu ya ile uliyokwisha kutia, na hapo ndipo pua huchomwa.

Dawa yake ni kugeuza chupa mdomo chini kwa dakika kumi kamili kabla ya kujaza, si kuitikisa mara moja na kuisimamisha. Tazama kitu unachozigeuzia pia. Stendi ya kukaushia chupa ina vijiti vinavyoingia hadi ndani ya shingo; vijiti hivyo visipooshwa na kutiwa dawa, unachafua chupa thelathini kwa mpigo. Divai ambayo tayari imepata harufu hii imimine kwenye jagi na uiache wazi saa moja au mbili kabla ya kunywa. Gesi nyingi hutoka.

Fanya kazi hii madirisha yakiwa wazi. Mwenye pumu asikae chumba kimoja na mchanganyiko huu.

Kutia dawa chupa thelathini bila ndoo thelathini

Lita moja inatosha. Mimina mililita 100 kwenye chupa ya kwanza kwa faneli, ziba kwa kidole chenye glavu, ilaze na uizungushe mpaka kila sehemu ya kioo ilowe pamoja na shingo. Ihesabie dakika mbili, hamishia maji hayo kwenye chupa ya pili, igeuze ya kwanza. Baada ya kila chupa kumi badilisha mililita 100. Gesi iliyobaki ndani ya chupa iliyogeuzwa huendelea na kazi, ndiyo maana zile dakika kumi zina faida mara mbili.

Dawa za asidi ya fosfori zisizohitaji kusuuzwa huenda haraka zaidi: kwa kawaida mililita 1.5 kwa lita, dakika moja hadi mbili, lakini soma lebo kwa sababu nguvu hutofautiana. Povu lake lisikutie hofu. Ukizichanganya na maji magumu zikageuka kama maziwa, zimepungua nguvu. Tumia maji yaliyotoneshwa, yaani yaliyogeuzwa mvuke na kupozwa.

Usichanganye metabisulfaiti na pakaboneti. Moja hutoa oksijeni, nyingine huila, na zinapokutana zinamalizana zenyewe kwa zenyewe. Suuza kati ya hatua hizo mbili. Na usichanganye kamwe dawa ya klorini na asidi yoyote, iwe siki au sitiriki: hutoka gesi ya klorini, inayochoma mapafu.

Chupa zilizotiwa dawa zijazwe siku hiyohiyo. Zikilala, zifunike midomo kwa karatasi ya alumini, na kesho zitie dawa upya.

Harufu ya karatasi iliyolowa, kadibodi au chumba kilichofungwa

Harufu hii hutokana hasa na trikloroanisoli, ambayo huzaliwa kuvu inapokutana na misombo ya klorini kwenye koki au mbao. Pua ya binadamu huinasa ikiwa nanogramu chache tu kwa lita. Hakuna cha kuosha hapo. Divai hiyo hairudi.

Hapa namba za chupa zina thamani kubwa. Ikiwa ni chupa ya 19 peke yake, kizibo chake kilikuwa kibovu na wewe huna kosa. Zikiwa nyingi, tafuta klorini. Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo inaua vijidudu vya kila namna, hatubishani na hilo, lakini haifai mahali penye koki, pipa la mbao au ubao unaowekea vyombo. Kioo kikavu hakiwezi kutengeneza harufu hii peke yake. Matone ya klorini kwenye koki na mbao zenye unyevu ndiyo huianzisha. Ondoa klorini kwenye kazi hii yote, hata kwa kufutia meza.

Kuna kisa kinachofanana nacho ambacho si kibaya hivyo: chupa tupu iliyofungwa ikiwa na unyevu hunuka kuvu ya kawaida. Kabla ya kujaza, tia mililita 50 za maji ya moto, zungusha, funika dakika tano, kisha unuse. Ikinuka chochote, irudi kwenye pakaboneti.

Vizibo vya koki usivichemshe. Vinalainika, vinavunjika, na uwezo wake wa kuziba unapungua. Vilivyo kwenye mfuko uliofungwa kiwandani vitumie moja kwa moja. Mfuko ukiwa umefunguliwa siku nyingi, vichovye kwenye metabisulfaiti kwa dakika chache na uvikung'ute.

Harufu ya siki, au ya dawa ya kuondolea rangi ya kucha

Bakteria wa siki hawafanyi kazi bila hewa. Kwa hiyo chupa moja ikichacha kuwa siki, usiulize tu kama ilikuwa safi, uliza hewa iliingia wapi. Mara nyingi kizibo kinavuja au chupa ilijazwa pungufu. Acha sentimita 1.5 hadi 2 kati ya divai na kizibo, simamisha chupa siku tatu ili kizibo kitanuke na hewa iliyobanwa itoke, ndipo uilaze.

Utando mweupe wenye mikunjo unaoelea shingoni una maana hiyohiyo: vijidudu vipo, na hewa ipo ya kuvilisha. Zikiwa siki chupa zote, divai ilianza kuharibika kabla ya kufika chupani. Hapo kagua mpira wa kunyonyea. Ndani yake brashi haipiti, na ukiwa na rangi au doa lisilotoka, nunua mwingine. Ni rahisi kuliko divai ya msimu mzima.

Harufu ya mayai viza

Siyo chupa. Ni hidrojeni salfaidi, hutengenezwa na hamira iliyokosa lishe au divai iliyokaa mno juu ya mashapo mazito. Itakuwa kwenye chupa zote.

Vizibo vinaruka, divai ina mapovu

Hapa pia chupa husingiziwa. Hamira bado ilikuwa hai na sukari bado ilikuwepo. Haidromita, kipimo kinachoelea na kuonyesha uzito wa divai na hivyo sukari iliyobaki, ndiyo hakimu: divai kavu (isiyo tamu) husoma karibu 0.990 hadi 0.996, na isibadilike kwa wiki mbili mfululizo kabla ya kujaza. Divai ya kutiwa sukari mwishoni inahitaji potasiamu sorbati pamoja na metabisulfaiti. Sorbati huzuia hamira kuongezeka, haiui iliyopo, tena bakteria wa asidi ya laktiki wakiila sorbati hiyo pasipo metabisulfaiti hutoka harufu ya majani ya jeraniamu isiyotoka tena.

Chupa ikianza kuvimba kizibo, ifunike kwa taulo kabla ya kuigusa, vaa miwani, ipeleke kwenye baridi ndipo uifungue. Kioo cha divai ya kawaida hakikutengenezwa kubeba msukumo wa gesi.

Ni kweli kwamba chupa moja moja inaweza kuchachuka peke yake kwa sababu ya gamba lililobaki na hamira ndani yake. Namba zitakuonyesha.

Chembe zinazometa kitakoni

Zinafanana na vioo vilivyosagika na huwatisha watu. Zikiwa kwenye divai ya zabibu iliyopata baridi, kwa kawaida ni fuwele za tartari, chumvi ya asili ya zabibu. Chukua chache, zitie kwenye maji yanayochemka: tartari huyeyuka, kioo hakiyeyuki. Zisipoyeyuka, imwage divai yote ya chupa hiyo. Fuwele zilizoganda kwenye chupa tupu hutoka kwa maji ya moto yenye magadi.

Chupa imepasuka wakati wa kusafisha

Kioo hakivunjwi na joto, kinavunjwa na tofauti ya ghafla ya joto. Maji yanayochemka kwenye chupa iliyotoka kabatini yanatosha. Ianze kwa maji ya vuguvugu, kisha ya moto. Anayetumia oveni aingize chupa zikiwa kavu na oveni ikiwa baridi, apandishe polepole hadi nyuzi 170, aziache saa moja, kisha azime na asifungue mlango mpaka zipoe. Midomo ifunikwe kwa karatasi ya alumini tangu mwanzo. Hata hivyo kila mzunguko wa oveni hukichosha kioo, kwa hiyo dawa ya maji ni bora kwa chupa unazotaka zidumu. Mashine ya kuoshea vyombo nayo haifai kwa kusafisha ndani, kwa kuwa maji hayapandi vizuri kwenye shingo nyembamba.

Zipi za kutupa

Pitisha kidole chenye glavu mdomoni mwa kila chupa. Palipomeguka hapazibi, tena pana kipande kinachoweza kudondokea ndani. Ufa wowote, hata wa nywele, ni wa kutupa. Chupa iliyowahi kuwekwa mafuta ya taa, dawa ya wadudu au rangi haisafishiki kwa matumizi ya kunywa, hata isiponuka. Na chupa ya kifuniko cha kuzungusha usiipigilie koki: kioo cha shingo yake mara nyingi ni chembamba na tundu lake halikupimwa kwa kizibo hicho, hivyo hupasuka mkononi ukisukuma, au huvuja baadaye ikilazwa. Irudishie kifuniko kipya cha aina yake, iweke wima, na divai yake iwe ya kunywewa mapema.